Koleo la Tiketi

Baba alitoboa tiketi miaka thelathini na moja,
behewa la pili, Nairobi hadi Butere,
na hakuwahi, anasema, kukosea mahali.
Tundu la kwenda, juu ya namba.
Tundu la kurudi, chini ya tarehe.
Ukitoboa jina la kituo, alinifundisha,
umemtupa mtu porini.

Sasa tuko Makongeni, chumba cha Reli,
Barabara ya Jogoo ikinguruma nyuma ya ukuta,
na koleo lile lile linatoboa bili ya stima,
kadi ya kliniki, picha ya harusi:
mama Ajiambo ana tundu la duara
pale palipokuwa bega.

Daktari wa Kenyatta alinichorea nyuma ya fomu.
Hii ni seli ya ubongo, huu ukuta wake.
Hii hapa protini, imesimama mlangoni,
kichwa nje, mguu ndani,
na kila siku hukatwa; ndiyo kawaida.
Kuna kimeng'enya kinachokata katikati:
vipande huenda zao, hakuna neno.
Kuna kingine hukata juu kidogo,
kisha mwenzake humalizia ndani ya ukuta wenyewe,
na kipande kinachotoka, pingili arobaini na mbili,
kinanata.
Kinamtafuta ndugu yake. Wanashikana.

"Na wafagiaji?" nikauliza,
maana nimelelewa na reli, najua kila behewa lina wake.
Wapo, akasema. Nao huzeeka.
Akatia wino kwenye kile kidonge cha vipande:
hatujui bado kama huyu ndiye mwizi
au ni nyayo za mwizi tu.

Nilirudi nyumbani na chuki mpya,
chuki ya kitu kisichoonekana kwa jicho.
Nikalificha koleo ndani ya debe la unga.

Siku tatu.
Ya kwanza alilitafuta chini ya godoro.
Ya pili aliniita Nabwire, dada yake
aliyezikwa kabla sijazaliwa,
akaniuliza kwa adabu kama mkaguzi ameshapita.
Ya tatu hakuuliza kitu. Mikono ilikaa magotini
kama mizigo isiyo na mwenyewe.

Nikampigia daktari. Hakushangaa.
Walishajaribu, akasema, kwenye majaribio makubwa:
walitunga dawa ya kukifunga mikono kile kimeng'enya,
vipande vikapungua kweli,
na baadhi ya wagonjwa wakazidi kusahau.
Kumbe kilikuwa na kazi nyingine,
kazi ambazo sikukuchorea.

Nikalipangusa unga, nikalirudisha.
Sikuomba radhi; asingejua ya nini.
Nikampa gazeti la Jumapili, risiti za dukani,
daftari langu la darasa la sita,
akatoboa, akatoboa,
tak, tak,
na uso wake ukarudi polepole
kama taa za mtaa baada ya stima kukatika,
si zote.

Jioni mimi hufagia.
Viduara vyeupe, vya kijivu, kimoja chenye nusu ya herufi,
vimejipenyeza kwenye nyufa za saruji,
vingine nimevikuta ndani ya chai.
Sivimalizi.
Siku njema nafagia vingi kuliko anavyotoboa.

Jana alinyoosha mkono: Tiketi, mama.
Nikampa kadi ya kliniki, ile iliyokwisha kuwa kama chujio.
Akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza,
akatafuta mahali pasipo na jina la mtu,
akatoboa hapo hapo.

"Unashuka wapi?"
"Butere, baba."
Akanitazama kwa huruma.
"Umepanda vibaya, binti. Hii ni ya Mombasa."
Akalitia koleo mfukoni.
"Lakini kaa. Kaa tu. Nitaongea na dereva."